Kumtafuta daktari wa upasuaji wa jinsia unaolipwa na bima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na ndugu wa Mtwara na Lindi

Ukurasa huu ni kwa ajili ya watu wa kwetu wa aina mbili. Wa kwanza ni yule aliyetoka Mikindani, Newala, Kilwa au Nachingwea, sasa anaishi Marekani, Kanada au Ulaya, ni transjenda, yaani anaishi kwa jinsia tofauti na ile aliyozaliwa nayo, na bima yake huenda ikamlipia upasuaji. Wa pili ni mama, shangazi au kaka aliyebaki nyumbani, anayepigiwa simu usiku kuelezwa habari hizi na hajui aulize nini. Mimi ni muuguzi, nimekulia Mtwara mjini, na mdogo wangu amepasuliwa huko aliko. Tangu wachache walipojua, ndugu wa watu wengine wamekuwa wakinitafuta kimyakimya, na maswali yao yanafanana. Nayajibu hapa kwa msimamo mmoja: daktari wa kumchagua ni yule atakayekuwa na mgonjwa mwaka mzima baada ya kisu, hata kama picha zake mtandaoni si nzuri kuliko za wengine.

Upasuaji wenyewe ni upi hasa?

Si mmoja. Kwa aliyezaliwa na mwili wa kike na anayeishi kama mwanamume, wa kawaida zaidi ni wa kifua, yaani kuondoa matiti na kukipa kifua umbo la kiume. Wengine huondoa kizazi, na wachache huendelea hadi kutengenezewa uume, kazi ambayo mara nyingi hufanywa kwa awamu mbili au tatu ndani ya mwaka au zaidi. Kwa aliyezaliwa na mwili wa kiume na anayeishi kama mwanamke, kuna kuondoa korodani, kutengeneza uke, na wakati mwingine matiti au uso. Wengi hawafanyi yote. Kwa hiyo mtu akikuambia "nataka kupasuliwa", muulize kwanza ni upi, kwa sababu daktari hodari wa kifua anaweza kuwa hajawahi kugusa njia ya mkojo.

Hauwezi kufanyika hapa Tanzania, tukatumia NHIF?

Hapana. Haumo kwenye vitita vya NHIF. Afrika Kusini zipo hospitali za umma zinazoufanya, kama Groote Schuur ya Cape Town, ila foleni yake ni ya miaka mingi hata kwa raia wao.

Niseme pia, maana wengi huniambia haya ni mambo ya Wazungu ya juzi: njia ya kutengeneza uke ambayo madaktari wengi duniani waliijenga juu yake ilianza kufanyiwa kazi Casablanca, Moroko, mwaka 1956, kwenye kliniki ya daktari Mfaransa, Georges Burou. Ni bara hili hili.

Kweli bima ya Marekani inalipa?

Mara nyingi inalipa, ila inategemea ni bima gani, ya jimbo gani, na ya mwaka gani. Marekani hakuna bima moja ya taifa. Yupo anayekatiwa na mwajiri, yupo aliyenunua mwenyewe sokoni, yaani kwenye soko la bima linalosimamiwa na serikali, yupo mwenye Medicaid ya watu wa kipato kidogo, na yupo mwenye Medicare ya wazee na baadhi ya watu wenye ulemavu.

Medicare iliondoa katazo lake la jumla mwaka 2014, na tangu hapo huamua mgonjwa mmoja mmoja. Medicaid inaendeshwa na majimbo: California, New York na Minnesota zinalipia, Texas hailipii. Kwa hiyo wawili waliotoka Masasi siku moja, mmoja akashukia Minneapolis na mwingine Houston, hawana haki sawa. Bima za waajiri nazo ziko aina mbili. Kuna mwajiri anayenunua bima kwa kampuni, huyo anafungwa na sheria za jimbo. Na kuna mwajiri mkubwa anayelipa matibabu kwa fedha zake mwenyewe huku kampuni ya bima ikifanya kazi ya makaratasi tu, huyo sheria za bima za jimbo hazimfungi. Kadi za hao wawili zinaweza kuwa na nembo ile ile. Ndiyo maana jibu la "rafiki yangu ana kampuni hiyo hiyo na alilipiwa" halitoshi.

Mambo pia yanabadilika. Kuanzia mwaka wa bima wa 2026, serikali kuu imeuondoa upasuaji huu kwenye orodha ya huduma za lazima za mipango inayouzwa sokoni. Jimbo bado linaweza kuulazimisha, na kampuni bado inaweza kuulipia kwa hiari, ila ulinzi umepungua. Mgonjwa aombe kijitabu kamili cha bima yake cha mwaka huu huu, asome sehemu ya "visivyolipiwa" mstari kwa mstari. Vipeperushi vya kurasa mbili havina habari hiyo.

Kwingineko, kwa kifupi: Kanada kila mkoa una orodha yake na lazima upate kibali kabla. Uingereza ni kupitia kliniki za jinsia za NHS, huduma ya afya ya serikali, na watu husubiri miaka. Ujerumani bima ya lazima hulipa baada ya wakaguzi wake wa kitabibu kupitia faili.

Tumetumiwa picha ya karatasi ya bima yenye maelfu ya dola. Tuuze mikorosho?

Msiuze kitu.

Hili lilitokea kwa familia moja ya Chuno. Kijana alipiga picha karatasi, akamtumia shangazi yake bila maelezo. Shangazi akaipeleka kwa jirani anayejua Kiingereza, jirani akasoma tarakimu tu. Kufika jioni wajomba wameshaitwa, na mmoja ameanza kutaja bei ya shamba. Mimi nilipoiona nilitazama juu kabisa ya karatasi, ambako pameandikwa kwa Kiingereza kwamba hii siyo bili. Ilikuwa taarifa ya mchanganuo: hospitali imedai kiasi gani, bima imekubali kiasi gani, na mstari wa chini kabisa, mgonjwa anadaiwa nini. Mstari huo wa chini ndio wa kuusoma, na hata huo usilipwe mpaka bili yenyewe ya hospitali ifike na tarakimu zifanane.

Mjue pia kwamba mipango mingi ya bima ya kule ina kikomo cha mwaka. Kwa mipango inayofuata sheria ya afya ya 2010, mtu mmoja mwaka 2025 hakupaswa kutoa mfukoni zaidi ya dola 9,200 kwa huduma zinazolipiwa, kwa madaktari walio kwenye orodha ya bima. Ni fedha nyingi kwetu, najua. Lakini si tarakimu ile kubwa aliyoisoma jirani. Na anayeweza kupanga, apange upasuaji na marekebisho yake yaangukie mwaka mmoja wa bima, maana Januari hesabu inaanza upya.

Aanze na daktari au aanze na bima?

Bima kwanza, kisha daktari, kisha arudi bima.

Apige simu namba iliyo nyuma ya kadi, aulize mambo matatu: je, mpango wangu unalipia upasuaji huu; masharti yenu yameandikwa wapi, mnitumie; na madaktari gani walio kwenye orodha yenu wanaufanya. Aandike tarehe, jina la aliyemjibu na namba ya simu hiyo. Orodha za bima huwa na majina ya waliohama, waliostaafu, hata waliofariki, kwa hiyo kila jina alipigie kliniki yenyewe kuhakikisha. Akishampata daktari, ofisi ya daktari ndiyo inayoomba kibali kwa bima kabla ya tarehe kupangwa. Kliniki yenye mtu maalumu wa kazi ya vibali ina thamani kubwa. Nimeona watu wakimchagua daktari wa pili kwa sifa kwa sababu ofisi yake inajua kuandika faili, na sikuwalaumu.

Barua zinazotakiwa ni za nani?

Za wataalamu wa afya ya akili au madaktari wanaomfahamu mgonjwa, wakieleza kwamba hali yake ni ya kudumu, anaelewa anachokiomba, na magonjwa mengine aliyonayo yamedhibitiwa. Mwongozo wa WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu transjenda, toleo la nane la mwaka 2022, unasema kwa mtu mzima barua moja inatosha. Toleo la saba la 2012 lilitaka mbili kwa upasuaji wa sehemu za siri, na kampuni nyingi za bima bado zimebaki huko. Aulize bima yake inataka ngapi na ziwe za karibuni kiasi gani, kwa sababu barua iliyochakaa hurudishwa. Jina kwenye barua, kwenye kadi ya bima na kwenye faili la hospitali yafanane herufi kwa herufi. Majina yetu matatu, na tabia ya kuandika Mohamedi leo na Muhammad kesho, yamekwamisha faili za watu wasio na kosa lolote.

Tutajuaje kama daktari ni bingwa wa kweli?

Marekani daktari yeyote mwenye leseni anaweza kujitangaza. Kwa hiyo leseni ni mwanzo tu. Kila jimbo lina bodi ya madaktari yenye tovuti ya bure: unaandika jina lake, unaona kama leseni iko hai na kama amewahi kuadhibiwa. Hatua ya pili ni ubingwa. Kwa kifua, uso na kutengeneza uume, tafuteni aliyethibitishwa na bodi ya Marekani ya upasuaji wa kurekebisha maumbile, American Board of Plastic Surgery. Kwa kazi inayogusa njia ya mkojo, awepo yeye mwenyewe au mwenzake aliyethibitishwa na American Board of Urology. Zipo bodi nyingine zenye majina yanayofanana na hizi na cheti kizuri cha ukutani, ila hazina uzito huo.

Hatua ya tatu ni mafunzo ya upasuaji wa jinsia wenyewe. Amejifunzia wapi, kwa muda gani, chini ya nani? Vituo vikubwa vya vyuo vikuu vina faida moja: wataalamu wengi wako chini ya paa moja. Johns Hopkins, kwa mfano, ilikuwa ya mwanzo Marekani mwaka 1966, ikafunga mlango 1979, ikaufungua tena 2017.

Wafuasi wa Instagramu si ubingwa. Picha za "kabla na baada" huchaguliwa, na hupigwa siku kidonda kimependeza.

Siku ya kuonana naye mara ya kwanza amuulize nini?

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Mazungumzo mengi ya kwanza hufanyika kwa video, kwa dakika chache, na mgonjwa anakuwa na furaha na woga kiasi cha kusahau kila kitu. Aandike maswali kwenye karatasi, awe na mtu wa pili pembeni anayeandika majibu. Mtu huyo anaweza kuwa wewe uliyeko Mtwara, kwa simu, daktari akiruhusu.

La kwanza: upasuaji wa aina hii hii umefanya mara ngapi, na mwaka uliopita peke yake mara ngapi? Anayefanya kila wiki na anayefanya mara mbili kwa mwaka si sawa.

La pili: kati ya wagonjwa wako, wangapi walirudishwa chumba cha upasuaji, na kwa nini? Daktari anayesema "hakuna" ama hafuatilii wagonjwa wake ama hasemi kweli. Katika kutengeneza uume wenye njia ya mkojo, fistula na njia kuwa nyembamba ni matatizo ya kawaida kabisa, hata kwa mabingwa. Kwetu fistula inajulikana kwa akina mama waliopata uchungu mrefu; hii nayo ni tundu, mkojo unapita pasipotakiwa. Katika kutengeneza uke, tundu kati ya uke na njia ya haja kubwa ni nadra, ila likitokea ni zito. Katika kifua, damu inaweza kuvilia saa za mwanzo, na chuchu zinaweza kupoteza hisia. Daktari mzuri atayataja haya kabla hujamuuliza, na atasema anayarekebishaje.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa: baada ya hapo nani ananiangalia? Saa nane usiku mkojo ukigoma kutoka, simu inapokewa na nani? Marekebisho yakihitajika, utayafanya wewe, kwa bima hii hii? Ukiondoka hospitali hii, faili langu linabaki kwa nani? Sikilizeni anavyojibu. Daktari anayekunja uso kwa swali hili amekwishajibu.

Kisha yapo ya miili yetu sisi, ambayo fomu za kule hazina kisanduku chake au mgonjwa huyaona hayana maana:

Jando. Vijana wetu wengi wametahiriwa. Njia ya kawaida ya kutengeneza uke hutumia ngozi ya uume, na aliyetahiriwa anayo pungufu. Hakumzuii kupasuliwa, ila daktari anatakiwa aseme mapema atapata wapi ngozi ya nyongeza: ya pumbu, ya sehemu nyingine ya mwili, au utando wa ndani ya tumbo.

Busha na ngiri. Ukanda wetu wa pwani una historia ndefu ya matende na mabusha. Aliyewahi kupasuliwa busha, hata kwenye kambi ya siku moja miaka kumi iliyopita, aseme, kwa sababu ngozi ya pumbu ni mali katika upasuaji huu na kovu linabadilisha hesabu.

Keloidi. Watu weusi tuko kwenye hatari kubwa zaidi ya makovu yanayovimba. Mwonyesheni kovu la zamani, la chanjo begani, la kutoboa sikio, hata chale. Muombeni picha za wagonjwa wenye ngozi nyeusi, za baada ya mwaka mmoja, siyo za wiki ya sita. Muulizeni mpango wake kovu likianza kuvimba: plasta za silikoni, sindano za steroidi, nani anachoma, nani analipa. Daktari asiye na picha hata moja ya ngozi kama yako hajazuiwa kukupasua, lakini una haki ya kuendelea kutafuta.

Selimundu. Kama ipo kwenye ukoo, daktari wa usingizi ajue na mgonjwa apimwe.

Tumbaku. Sigara, shisha, vepu, na ugoro pia. Nikotini huminya mishipa ya damu na kidonda kinakufa kingo. Wengi hudai mtu aache wiki sita au zaidi kabla, na humpima. Mkono nao hupimwa mzunguko wa damu kabla ya kuchukua ngozi yake kutengenezea uume. Aulize ni mkono upi, maana fundi cherehani au mpishi anahitaji kujua.

Na watoto. Kuondoa korodani, au kizazi na vifuko vya mayai, kunafunga uzazi moja kwa moja. Anayetaka watoto wa damu yake ahifadhi mbegu au mayai kabla, na bima nyingi hazilipii uhifadhi huo. Mama anayetaka kuuliza kuhusu wajukuu aulize mapema, kwa upole, mara moja, kisha aliache kwa mwenye mwili.

Daktari tunayemtaka yuko jimbo lingine, nje ya orodha ya bima.

Kama kwenye orodha hakuna hata mmoja anayeufanya upasuaji huo kwa umbali unaofaa, mgonjwa anaweza kuiomba bima imkubali daktari wa nje kwa mkataba wa mgonjwa huyo mmoja. Iombwe kwa maandishi, na majina ya madaktari aliowapigia wakakataa yaambatishwe. Makubaliano yasainiwe kabla ya siku ya upasuaji. Ahadi ya simu haina nguvu. Sheria iliyoanza Januari 2022 inamlinda mgonjwa asitozwe ziada na daktari wa usingizi asiye kwenye orodha, ikiwa hospitali yenyewe iko kwenye orodha. Lakini haimsaidii aliyekwenda mwenyewe kwa daktari wa nje kwa hiari.

Umbali nao ni gharama. Kwa kifua, kusafiri si tatizo kubwa. Kwa sehemu za siri, mimi ningechagua daktari mzuri aliye mwendo wa saa mbili kuliko bingwa wa kusifika aliye mwendo wa ndege mbili.

Bima imekataa. Ndiyo basi?

Hapana, na msikate tamaa kwa barua ya kwanza. Kwa mipango mingi mgonjwa ana siku 180 tangu apate barua ya kukataliwa kukata rufaa ndani ya kampuni yenyewe. Rufaa ya kabla ya matibabu inatakiwa kujibiwa ndani ya siku 30. Ikishindikana, ana miezi minne kuomba mkaguzi huru wa nje, na uamuzi wa mkaguzi huyo unaifunga kampuni. Asome sababu iliyoandikwa: "barua moja imekosekana" ni kazi ya wiki moja, "mpango wako haulipii kabisa" ni vita nyingine, ya mwajiri au ya mwanasheria. Daktari pia anaweza kuomba kuzungumza na daktari wa bima, bingwa kwa bingwa. Waulizeni madaktari kama huwa wanafanya hivyo. Ni sehemu ya kumchagua.

Thailand ni nafuu. Na kuna mtu mtandaoni anasema akilipwa amana anatupatia daktari na bima pamoja.

Bangkok kuna madaktari wenye uzoefu wa miongo, hilo ni kweli, ila bima za Marekani kwa kawaida hazilipii huko, na daktari wako wa marekebisho anabaki Asia. Huyo wa amana ni tapeli. Hakuna wakala anayeuza bima pamoja na daktari kwa M-Pesa. Msimu wa minada ya korosho, Oktoba na kuendelea, ndio wakati watu hawa hupiga simu huku kwetu, kwa sababu wanajua fedha imeingia.

Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Ataelewaje?

Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu ya Marekani, na karibu zote zinapokea, lazima impe mkalimani bure. Aseme siku ya kuweka miadi kwamba anataka mkalimani wa Kiswahili. Mara nyingi huwa ni kwa simu au video. Asitumie mtoto, binamu wala mtu wa msikitini au kanisani kwake. Fomu ya ridhaa asiisaini mpaka aweze kuirudia kwa Kiswahili kwa maneno yake mwenyewe: watakata nini, watapandikiza nini, nini kinaweza kuharibika.

Nani atamuuguza, sisi tuko huku?

Msitegemee viza ipatikane kabla ya tarehe ya upasuaji. Daktari makini atakataa kumruhusu mgonjwa wa uke au uume kwenda nyumba isiyo na mtu, kwa hiyo mtu huyo atajwe kwa jina kabla ya tarehe kupangwa. Mpangeni zamu kama mnavyompangia mzazi wa arobaini: nani wa kupika, nani wa kuosha, nani wa kulala naye.

Aliyepasuliwa kifua huwa na mipira ya kutolea maji kwa siku kadhaa, na asinyanyue vitu vizito kama wiki sita. Aliyetengenezewa uke hukaa hospitali siku kadhaa, hutoka akiwa na mpira wa mkojo au baada ya kuondolewa, na kisha huanza vipanuzi, vifaa vya kuingiza ukeni ili usijifunge, mara kadhaa kwa siku, kila siku, kwa miezi. Baadaye hupungua lakini haviishi kabisa. Asiye na chumba chake chenye mlango wa kufunga hatavitumia, na uke utajifunga. Anayeishi na wenzake wanne kwenye nyumba ya vyumba viwili atatue hilo kwanza.

Nyinyi mlio huku mna kazi moja ambayo hakuna wa kule anayeiweza. Mpigieni kila siku wiki ya pili na ya tatu. Wiki ya kwanza wageni wapo. Ya pili ndiyo ya machozi, mwili umechoka, dawa za maumivu zimepungua, na wengine hujuta kwa siku chache hata kama baadaye wana furaha. Msiseme "tulikuambia".

Mtoto wa dada ana miaka kumi na sita, yuko kule. Naye?

Ninayoandika hapa ni ya watu wazima. Kwa walio chini ya miaka 18, majimbo mengi ya Marekani yamepiga marufuku, na Juni 2025 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliiacha sheria ya Tennessee ya kuzuia dawa za homoni kwa watoto ibaki. Aanze na daktari wa watoto na mshauri, asianze na daktari wa upasuaji.

Dini inasemaje?

Wapo wanaokataa na wapo wanaoruhusu. Iran, kwa fatwa ya Ayatollah Khomeini ya miaka ya 1980, upasuaji huu unaruhusiwa kisheria; wanazuoni wengi wa Kisunni wanaukataa. Sitamaliza mjadala huo hapa. Ninachoomba ni kwamba mgonjwa aliye mezani aombewe apone.

Tumwambie nani huku nyumbani?

Mwachieni yeye aseme. Msiweke kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, msitume picha, wala msimwombee harusini kwa jina. Huku kwetu habari hii inaweza kumfungia njia ya kurudi, na kuwaletea shida waliobaki.

Anataka kuja likizo miezi miwili baada ya upasuaji. Aje?

Aulize daktari wake kwanza, na ningependa asubiri zaidi. Safari ndefu ya ndege, kisha kilomita zaidi ya 500 za basi kutoka Dar, ni kukaa kwingi kwa mtu ambaye damu yake inaweza kuganda miguuni, hasa anayetumia estrojeni, homoni ya kike. Akija, apande ndege hadi Mtwara kama anaweza, atembee ndani ya ndege, anywe maji. Vipanuzi na dawa viwe kwenye begi la mkononi pamoja na barua ya daktari.

Homa, usaha wenye harufu, mkojo kugoma, hewa au haja kubwa kupita ukeni, mguu mmoja kuvimba au kifua kubana: hayo si ya kusubiri asubuhi. Mtwara aende Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo au Ligula, akiwa Lindi aende Sokoine au Nyangao, akiwa Masasi aende Ndanda. Hapo atapewa huduma ya dharura: dawa, dripu, mpira wa mkojo. Kazi ya njia ya mkojo yenyewe ipelekwe kwa bingwa Muhimbili au KCMC. Ili daktari wa hapa asibahatishe, aje na ripoti ya upasuaji iliyochapishwa kwenye karatasi, yenye jina la njia iliyotumika, mchoro, dawa zinazomdhuru, na namba ya simu ya daktari aliyempasua. Nakala moja akae nayo yeye, nyingine ndugu mmoja anayemwamini.